Swali la lugha: "Visigino vya Lami" vimeshinda?

Msomaji wetu anayesoma North Carolina, Marekani, ameniletea ugomvi. Baada ya mechi ya mpira wa kikapu kati ya vyuo vikuu viwili vya huko, mwenzake aliandika taarifa kwa ajili ya jumuiya ya Waswahili, yenye kichwa: "Visigino vya Lami vyawachapa Mashetani wa Buluu", yaani Tar Heels wa Chuo Kikuu cha North Carolina na Blue Devils wa Chuo Kikuu cha Duke. Ubishi ukaanza. Mmoja anasema iwe "wawachapa" kwa kuwa wachezaji ni watu, mwingine anataka "yawachapa" kwa kuwa ni timu, mwandishi naye kashikilia "vyawachapa" kwa hoja kwamba kisigino ni ki-vi na sarufi ni sarufi. Nani yuko sahihi?

Mnagombea kiambishi huku nyumba inaungua. Kabla ya "vya" na "wa", niambieni kwanza nani aliwatuma kutafsiri jina la timu.

Ugonjwa huu nimeuvumilia muda mrefu. Mtu akikutana na jina la kigeni lenye maneno mawili, mkono unamwasha, hatulii mpaka kila neno limevalishwa kanzu ya Kiswahili. Sasa mchukueni bibi yeyote wa Unguja mumsomee kichwa hicho. Hatawaza mpira hata kidogo. Mashetani anawajua, na wa buluu hawatamshangaza, maana kila shetani ana kitambaa cha rangi yake. Atakachouliza ni fundi wa ngoma ni nani, na hiyo lami kwenye visigino ni dawa ya nini.

Na hao Blue Devils wa Duke hawana pepo yeyote. Walikuwapo askari wa milimani wa Ufaransa waliopata sifa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wenye sare za buluu na kofia iliyolalia upande mmoja, wakaitwa jina hilo kwa Kifaransa. Mwaka 1922 gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, kilipokuwa bado kinaitwa Trinity, likaanza kuwaita wachezaji wake hivyo. Basi.

Tar Heels wana kisa kirefu kidogo. Katika misitu ya misonobari ya North Carolina, tangu enzi za ukoloni wa Kiingereza, watu walirundika magogo yenye utomvu, wakayafunika kwa udongo na kuyachoma polepole mpaka yakatoa urojo mweusi unaonata. Ulipakwa kwenye merikebu, mbao na kamba zisioze, kazi ambayo mafundi wetu wa majahazi waliifanya kwa deheni na sifa, yale mafuta ya papa. Mchomaji aliyekwenda peku alirudi kwake na visigino vyeusi. Kuitwa hivyo lilikuwa tusi la kumdharau fukara, lakini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, askari wa jimbo hilo wakalipokea tusi na kulifanya sifa (sifa ya maneno safari hii, si ya papa).

Mmeona "lami" ilivyokwisha kuharibika? Kwa msomaji wa Dar es Salaam lami ni barabara. Tena jina halikuhusu visigino, lilihusu watu wenye visigino hivyo. Mtafsiri kaleta kisigino, mwenye mguu kamwacha msituni.

Nyumbani hatuna upuuzi huu, na ndiyo maana unaniudhi zaidi. Klabu ya Young Africans, iliyoanzishwa 1935, haikuwahi kuwa Waafrika Vijana. Vinywa vya mjini vililichukua lile neno la kwanza, vikalipa irabu, ikazaliwa Yanga. Kagera Sugar ikipoteza mechi hatusemi "sukari imepotea". Sukari ikipotea nchi hii tunajua ni habari ya dukani. Na Mbao FC ya Mwanza ilipolala 2-1 mbele ya Simba kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, Dodoma, 2017, tulisema "Mbao imefungwa". Mbao "zilizofungwa" zinakuwa juu ya lori, kwa kamba. Simba wenyewe, ambao hadi 1971 walikuwa Sunderland, tunasema "Simba imefungwa" au "Simba wamefungwa", zote salama. Ukisikia "Mnyama kafungwa", huo ni utani wa Yanga, na utani una sarufi yake.

Nawatakia heri wanaotafsiri kila kitu watakapofika Chuo Kikuu cha Georgetown. Timu za huko ni Hoyas, na jina limetoka kwenye kelele ya zamani ya mashabiki, "Hoya Saxa", neno moja la Kigiriki na moja la Kilatini, lenye maana ya "mawe yalioje!" Hoya peke yake ni lile "yalioje". Haya, andikeni: "Walioje wa Georgetown washinda." Kisha nendeni chuo cha Virginia Tech kwa Hokies, neno ambalo mwanafunzi mmoja alilitunga mwaka 1896 kwa ajili ya kelele za uwanjani bila kulipa maana yoyote. Kamusi gani itawasaidia hapo?

Nimewahi hata kusoma "Makardinali wa Stanford". Cardinal ya Chuo Kikuu cha Stanford ni rangi, ule wekundu mzito, tena haina wingi. Mtanzania akisoma hivyo anamfikiria Rugambwa au Pengo, na hawezi kuelewa mababa wa Kanisa wanakimbizana na mpira kwa sababu gani.

Kwa hiyo hukumu. Jina libaki Tar Heels. Upatanisho uufuate mnachokifikiria: mkiwa na timu akilini, "Tar Heels imeshinda", mkiwa na wachezaji, "Tar Heels wameshinda". Mimi napenda "wa" kwa majina ya utani, kama tunavyosema Wekundu wa Msimbazi, lakini sitamfukuza mtu kwa "i". Anayetaka kumweleza msomaji asili ya jina aieleze mara moja, kwa sentensi kamili, halafu asonge mbele. Na kama mkono bado unamwasha, aunde jina kama tulivyowaunda Wana Lambalamba wa Azam kutokana na barafu za kiwandani: Wanalami. Silipendi. Ila nikilikuta nitanuna kimya kimya tu.

Ki-vi haina kazi hapa, iende nyumbani.

Mwenye barua ameongeza swali dogo: yule kondoo dume wa chuo cha Tar Heels asemwe vipi, kwa kuwa ni alama ya timu? Anaitwa Rameses. Alianza kuletwa uwanjani mwaka 1924, kwa sababu timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ilikuwa na mchezaji mwenye nguvu aliyeitwa "battering ram", yaani gogo la kuvunjia kuta, na "ram" kwa Kiingereza ni kondoo dume. Inasimuliwa kwamba katika mechi yake ya kwanza mpigaji alimsugua kichwa, akaenda kupiga, mpira ukapita, wakashinda 3-0. Huyo ni kondoo, ana roho, anakula majani: "ameletwa", "amefungwa kamba", "amechoka". Pembe zake hupakwa rangi ya buluu siku za mechi, na hizo ndizo "zimepakwa".