Ukipewa mlango, usipige magoti

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi hapa Goma, siku ya balaa mtagawiwa kazi, na mmoja wenu atapewa mlango: kuwapanga majeruhi wanapoingia, nani ahudumiwe kwanza. Inaonekana kazi rahisi. Mimi nilipewa usiku wa Jumamosi, 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na anga la kaskazini likawa jekundu kama kaa la moto.

Tulidhani tutaletewa watu walioungua. Waliofika kwetu zaidi ni walioumia wakikimbia: wenye miguu iliyovunjwa na pikipiki, mama mwenye uchungu wa kuzaa, watoto waliopotezana na wazazi njiani. Nilitakiwa kumwangalia kila mmoja kwa nusu dakika, nimfunge kitambaa cha rangi, nimpitishe. Basi.

Akaja kijana aliyechanika kichwani, damu imemfunika uso, dada yake anapiga kelele. Nikapiga magoti. Nikamfunga bandeji, nikaanza kumtafutia mshipa wa serumu (dripu). Nilipoinua kichwa, msimamizi wetu alikuwa akimbeba mzee ambaye motari, dereva wa pikipiki ya abiria, alimwegemeza ukutani, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Hakuwa analia. Pumzi zilikwenda mbio, vidole vya baridi, mbavu zimevunjika. Alipona, lakini si kwa sababu yangu. Ngozi ya kichwa hutoa damu nyingi kuliko hatari yake, na dada mtu angeweza kukandamiza kitambaa mwenyewe.

Tangu hapo mlangoni nafanya mambo mawili tu: kufungua njia ya hewa, na kuzuia damu inayotoka kwa kasi. Mengine yana wenyewe huko ndani.

Kwa mtu mzima tunafuata START, utaratibu wa kupanga majeruhi uliotungwa California mwaka 1983. Nyekundu ni wa kuhudumiwa kwanza, njano anaweza kungoja kidogo, kijani anaweza kungoja zaidi, nyeusi amekufa au hatuwezi kumwokoa. Anayeweza kutembea, kijani, akae kando. Asiyepumua, mfungulie njia ya hewa: akianza kupumua ni nyekundu, asipoanza ni nyeusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Bonyeza ukucha, uachie. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, nyekundu. Mwambie “nikamate mkono”, asipofuata, nyekundu. Anayebaki, njano. Sekunde zinatosha, ukizoea.

Nyeusi ndiyo inayouma. Siku ya kawaida tungepambana naye kwa kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Siku hiyo unampita, na pengine ni jirani yako. Usijadiliane na ndugu zake hapo mlangoni. Mwite pasta, imamu, au mama yeyote mtu mzima akae nao.

Na kijani hubadilika. Mtu anaingia kwa miguu yake, anaomba maji, baada ya nusu saa tumbo limekaza kama ngoma. Kila mara mlango unapotulia, wazungukie upya.

Januari 2025, vita vilipoingia mjini, nilijifunza kugeuza wagonjwa. Tundu la risasi mbele linaweza kuwa dogo kama punje ya maharagwe, kumbe mgongoni nyama imefumuka. Kata nguo bila huruma, tazama mgongo, kwapa, kinena. Ukifunga mkanda wa kuzuia damu, andika saa uliyoufunga. La sivyo wa chumba cha upasuaji atabaki akikisia mguu umekaa bila damu muda gani.

Kuandika, tumia sparadra (plasta ya kubandika) kifuani. Mkononi itang’olewa na atakayeweka serumu. Andika kwanza, ndipo ubandike, maana juu ya jasho kalamu haishiki. Jina, saa, rangi. Mtoto asiyejua kujitaja, andika alikookotwa na nani kamleta: “Ndosho, kando ya barabara ya Sake, motari wa koti la njano.” Mama yake akifika kesho hataulizia rangi ya kitambaa. Ataulizia Ndosho.