Vinanda vya mchana, mlango wa usiku

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikimsomea mama yako akiwa anakuna nazi. Umenieleza jinsi wenzako wa kazini walivyokupeleka 100 Club, ule ukumbi wa chini ya ardhi pale Oxford Street, London, kusikiliza bendi ya panki. Umesema watu walikuwa wanarukiana na kusukumana mbele ya jukwaa, ukateleza ukaanguka, na kabla hujajua ufanye nini mikono ya watu usiowajua ikakushika makwapani ikakuinua. Kisha mwishoni ukaniuliza: "Baba, kwa nini ulikuwa unatengeneza vinanda vya mchiriku, muziki wa vijana wa mitaani kwetu, mchana kutwa, halafu usiku unanifungia mlango nisiende kuusikiliza?"

Swali hilo ulistahili kujibiwa ukiwa na miaka 16, siku ile uliponililia. Mimi nilikujibu kwa neno moja, "uhuni", nikazima taa. Halikuwa jibu.

Umeandika kuwa vyombo vyao vilikuwa vichache: gitaa, besi, ngoma, na mwimbaji anayepayuka hadi mishipa ya shingo inasimama. Na kwamba nyimbo zao ni fupi sana, hata Ramones, bendi ya New York, walipotoa santuri yao ya kwanza mwaka 1976 waliingiza nyimbo 14 na yote haikufika nusu saa. Hapo nilitabasamu, maana wimbo mmoja wa mchiriku ulikuwa unaweza kuila nusu saa hiyo peke yake. Lakini nilipofika pale uliposema sauti ilikuwa inakwaruza mpaka kifua kinatetemeka, niliacha kusoma kidogo. Hiyo naijua, mama. Hiyo ndiyo iliyokulipia ada.

Unakikumbuka kibanda changu cha Manzese. Vijana walikuja na Casio ndogo, zile zilizoundwa watoto wajifunzie, betri zimevujia ndani, vibonyezo vimekufa, jasho la usiku mzima limeingia kwenye saketi. Nafungua, nasafisha kwa spiriti, nalehemu waya zilizoachia. Wao wanakwenda kuiunga kwenye amplifaya kuukuu na spika za honi, kama zile za msikitini. Amplifaya ikizidiwa, sauti inapasuka. Mara ya kwanza niliona ni ubovu nikataka kuwarekebishia bure. Wakanikatalia: "Fundi, hapo usiguse. Utamu wenyewe ndio huo."

Ilinichukua muda kuwaelewa, mimi mtu wa bendi za dansi, Sikinde na Msondo, niliyezoea magitaa matatu yanasemezana na tarumbeta zinaitikia. Vijana hawa hawakuwa na hela ya gitaa hata moja. Walichukua mapigo ya ngoma za Wazaramo, za harusini na za kumtoa mwali, wakaweka kinanda juu yake, na ngoma ya dumbaki, na vijiti viwili juu ya stuli ya mbao. Waliimba kukosa kazi, waliimba ukimwi, waliimba rafiki aliyeharibiwa na unga. Mtu hakuhitaji ruhusa ya yeyote ili apige. Uliposema hicho ndicho ulichokipenda kwa watu wa panki, kwamba aliyejifunza jana anapanda jukwaani leo, nilijua tunasema jambo moja.

Kwa hiyo sikuuchukia muziki. Nauheshimu mpaka leo.

Sasa nikwambie la usiku. Mwaka 1999, wewe ukiwa na miaka minne, niliitwa Tandale usiku wa manane. Amplifaya ilikuwa imekata katikati ya shughuli na watu walikuwa wanaanza kuzomea. Nikaenda na pasi yangu ya kulehemu. Waliniwekea kiti nyuma ya spika, mtoto mmoja ananimulikia tochi. Nikiwa nimeinama, nikasikia sauti ya msichana uchochoroni nyuma yangu. Alisema, "Niacheni, jamani, niacheni." Si mara moja. Niligeuka nikaona vijana watatu wanamvuta kuelekea nyuma ya nyumba.

Nilirudisha macho kwenye waya.

Nilijiambia watu wako wengi, atakwenda mwingine. Nilijiambia mimi nimekuja kazini na sina ugomvi na mtu. Aliyekwenda alikuwa bibi mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo pembeni. Aliinuka na mwiko wake wa moto, akaingia uchochoroni anatukana kwa sauti kubwa kuliko muziki wowote niliowahi kuusikia, akarudi amemshika yule binti mkono. Akamkalisha karibu na karai lake hadi kulipokucha. Mimi nikamaliza kulehemu, sauti ikarudi, watu wakashangilia. Wakanilipa, nikaondoka. Yule binti alikuwa na miaka kama 16.

Mama yako nilimwambia juzi tu, baada ya barua yako.

Ulipofika umri ule na kuniomba ruhusa ya kwenda Mwananyamala na wenzako, sikumwona mwanangu anayetaka kucheza. Niliuona uchochoro, na nikaona kiti changu nyuma ya spika. Niliogopa kwamba huko ungemkuta fundi kama mimi, ameinamisha kichwa. Nikaona heri nikufungie ndani kuliko kukueleza nilichokifanya. Ulinyimwa muziki kwa kosa ambalo si lako wala si la wapigaji. Nisamehe, mama.

Uliandika pia, kwa mstari mmoja, kwamba ukumbi huohuo ulikuwa na tamasha la panki la siku mbili Septemba 1976, na usiku wa pili glasi ilirushwa, ikapasukia kwenye nguzo, msichana mmoja akapofuka jicho. Ukaendelea na habari nyingine. Mimi nilikaa na mstari huo siku nzima. Kisha nikarudi pale ulipoandika kuhusu ile mikono iliyokuinua. Umesema ni desturi yao, mtu akianguka wote wanasimama mpaka ainuke, na hakuna anayeulizwa ni nani. Nataka uniambie zaidi kuhusu hilo ukiandika tena. Nani aliwafundisha? Wanalianzaje kwa mtu mgeni? Kuna mtu anasimama pembeni kwa kazi hiyo tu, au ni kila mmoja?

Huku mambo yamebadilika. Vijana sasa ni wa singeli, kompyuta imechukua nafasi ya Casio, na mapigo yanapita 200 kwa dakika. Kuna kazi za studio ya Sisso, ya hapa Mburahati, zilizotolewa kwenye albamu mwaka 2017 na watu wa Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala. Kijana wa jirani alinisikilizisha kwa simu. Kule nyuma ya mbio zote zile nilisikia kikwaruzo kilekile walichonikataza nisikitengeneze.

Umesema utakuja Desemba. Nimeshamuuliza kijana huyo, anasema Jumamosi hakukosekani shughuli. Twende wote. Wewe ucheze mbele utakavyo, mimi nitasimama pembeni upande wa uchochoro, na sitakuwa na kazi nyingine mkononi. Mama yako anasema naye anakuja, atafutiwe kiti.

Casio moja bado ninayo, mwenyewe hakurudi kuichukua. Kibonyezo cha tatu kutoka kushoto hakitoi sauti. Nimeanza kuifungua.

Baba yako,
Manzese, Dar es Salaam