Kampuni Inataka Kuhifadhi Mikoko Yetu: Je, Tutie Saini?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Sisi ni wanakijiji wa pwani ya Kwale. Kampuni kutoka nje imetuletea mkataba wa kuhifadhi mikoko yetu. Wao watauza kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa inayozuiwa na msitu, kwa makampuni ya Ulaya, nasi tutapata fungu letu. Wameahidi pia kuufungia msikiti wetu umeme wa jua. Vijana wanasema huu ni ulaghai wa matajiri wanaotaka kuendelea kuchafua hewa, na kwamba hata serikali ikituhimiza tupande miti ni maonyesho tu. Wazee wanasema pesa ni pesa. Je, mambo haya ya makampuni na serikali yanasaidia kweli kupambana na mabadiliko ya tabianchi? Na tukitia saini, si tutakuwa tumesaidiana katika dhambi?

JIBU: Wa alaykumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Mwanangu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana kijiji kimegawanyika. Vijana wanamtazama mtendaji, wana shaka na nia yake. Wazee wanakitazama kitendo, wanaona manufaa yake. Sheria yetu haichanganyi mambo haya mawili, na ukiyatenganisha nusu ya ugomvi itakwisha.

Makka kabla ya Uislamu alikuwako tajiri mmoja, Abdullah bin Jud'an, aliyesifika kwa kulisha maskini. Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wema ule utamfaa. Akajibiwa kwamba hautamfaa, kwa sababu hakupata kusema hata siku moja, "Mola wangu, nisamehe makosa yangu Siku ya Malipo." Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Lakini chakula chenyewe kililiwa, na walioshiba walishiba. Tena nyumbani mwa mtu huyohuyo ndipo ulipofungwa mkataba wa Hilful Fudhul wa kumtetea aliyedhulumiwa, na Mtume (s.a.w.) alikuwapo, naye baadaye akasema kwamba lau angeitwa kwenye mkataba kama ule katika Uislamu, angeitikia. Thawabu ya mtendaji ina hesabu yake kwa Mola wake. Manufaa ya kitendo tunayapima sisi, hapa duniani, kwa macho na kwa mizani.

Kwa hiyo msijichoshe kutafuta nia ya kampuni. Kampuni haina moyo wa kutia nia, ina wenye hisa wanaosubiri faida. Kazi yenu ni kukikagua inachokiuza, na namna ya kukagua tumefundishwa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema mvua ilinyesha. Akamwambia: mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Kisha akasema anayetughushi si katika sisi. Angalieni kwamba hakumkataza kuuza nafaka, na wala hakusema biashara ya nafaka yote ni ulaghai. Alitia mkono.

Basi nasi tutie mkono.

Nawaanzia karibu na kwenu. Ghuba ya Gazi mnaijua. Mikoko yake ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani na nguzo za kujengea. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, wakaanza kuirudisha pamoja na wenyeji, na kuanzia 2013 mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 za msitu, kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule, na kamati ya wanakijiji ndiyo inayoamua zitumikeje. Mkoko, kama mnavyojua, huzika kaboni nyingi zaidi ndani ya tope kuliko ile iliyomo kwenye shina, kwa hiyo kuuacha umesimama ni jambo la maana hata kama asingelipwa mtu. Ukitia mkono pale hutoi unyevu.

Lakini tani 3,000 ni takriban kile wanachotoa Wamarekani mia mbili kwa mwaka mmoja, na dunia inatoa tani bilioni 37 kila mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Sisemi haya kuidharau Gazi. Nasema ili mtu asisimame mbele ya kipande cha ukweli akakiita ukweli mzima.

Unyevu mwingi huwa upande wa mnunuzi. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam ilisema shirika la ndege la KLM liliwapotosha wateja kwa matangazo yake, yakiwamo yale yaliyowafanya waamini kwamba wakilipia upandaji miti, madhara ya safari yao yanapungua au yanafidiwa. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi wa waandishi wa habari Uingereza na Ujerumani ulidai kwamba sehemu kubwa mno ya vyeti vya kaboni vya misitu ya mvua vilivyoidhinishwa na Verra, shirika kubwa kuliko yote katika kazi hiyo, havikuwakilisha upungufu wowote wa kweli wa hewa ukaa. Verra walipinga hesabu hiyo, na haki yao niitaje. Ila kiini cha lawama ni rahisi kukielewa: unauza ulinzi wa msitu ambao hakuna aliyekuwa anataka kuukata. Mwenyezi Mungu katika Al Imran, aya ya 188, amewaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Sijui maneno mengine yanayoufaa uuzaji huo zaidi ya hayo.

Hapa ndipo vijana wenu wana hoja nzito, na nawaunga mkono. Toba ina masharti yake. La kwanza ni kuacha kosa. Kisha kujuta, kuazimia kutorudia, na kama kuna haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe. Anayelipa kafara huku akiendelea na kosa lilelile, mchana na usiku, na mwakani ana mpango wa kuliongeza, huyo hajatubu, ananunua ruhusa. Wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, wana kanuni kwamba kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Kampuni ya mafuta inayopanda msitu huku ikifungua visima vipya imeigeuza kanuni juu chini. Kwanza punguza moshi wako, halafu kile kisichopungua kabisa ndicho ukifidie. Mpangilio ukiwa huo, fidia ina nafasi yake. Ukiwa kinyume, miti ni pazia.

Nakuja kwenye serikali, na hapa nitasema wazi kwa kuwa viongozi wetu wanahitaji nasaha kuliko makofi. Serikali ya Kenya iliweka katazo la kukata miti kwenye misitu yake mwaka 2018. Julai 2023 Rais Ruto akaliondoa, kwa hoja kwamba miti iliyokomaa inaozea msituni. Miezi minne baadaye, tarehe 13 Novemba, ikatangazwa siku ya mapumziko ili taifa zima lipande miti, katika mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Kupanda mti ni sadaka kwa maneno ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, na sitamkataza mtu. Lakini mche uliopandwa mbele ya kamera Novemba na usinyweshwe Januari haujapunguza chochote. Swali la kumuuliza mkubwa si miche mingapi imepandwa. Aulizwe ni mingapi iko hai mwaka wa tatu, na misitu mikongwe mingapi imebaki imesimama.

Tena serikali si kitu kimoja. Nchi hiihii inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, ndiyo iliyotaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Lamu. Watu wa Lamu walikwenda kwenye baraza la mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Nadhani kesi ile imezuia moshi mwingi kuliko sherehe nyingi za kupanda miti nilizoalikwa kuomba dua. Waliofanya kazi hiyo ni raia waliosoma karatasi na wakafika mbele ya baraza.

Na kuna jambo ambalo hata wapenda mazingira hulipita haraka. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana kule Marsabit ni megawati 310 za umeme usio na moshi. Huo ni msaada wa kweli kwa hewa. Ila Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru ilisema hati miliki za zaidi ya ekari 150,000 za mradi ule hazikupatikana kwa mujibu wa sheria, kwani wenyeji wafugaji hawakuhusishwa inavyopasa. Mtume (s.a.w.) amesema anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba. Hakuitoa katika onyo hilo ardhi iliyochukuliwa kwa kazi njema.

Mifuko ya plastiki mmeniuliza wengi, niseme kwa kifupi. Katazo la 2017 limefaa ng'ombe, mitaro na kasa wa baharini, lakini plastiki barabarani na joto la dunia ni mambo mawili. Asije mtu akaona ameshalipa deni la moja kwa kulipa la lingine.

Sasa mkataba wenu. Hukumu ninayoiona ni kwamba inajuzu kuingia, kwa sharti kwamba mnacholipwa ni ujira wa kazi ya kweli: kulinda, kupanda, kuhesabu. Mwenyezi Mungu aliyesema "saidianeni katika wema na uchamungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui" hajawakataza kulinda mikoko kwa sababu mnunuzi wa mbali ana madhambi yake. Mtakachokuwa mmeshiriki ni kusema uongo, kama mkikubali kutia saini hesabu msiyoijua.

Kwa hiyo ulizeni. Mikoko ni msitu wa umma chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS. Je, kampuni ina idhini yao, na chama chenu cha msitu kimesajiliwa? Miaka mingapi, na mnaweza kujitoa vipi? Wanawake wanaookota kuni na kutafuta kaa wataendelea kuingia? Mnunuzi ni nani, na mtaonyeshwa bei aliyolipa? Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka mkataba wa maendeleo ya jamii usajiliwe, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Neno hilo "gharama" lishikeni kwa mikono miwili, maana ndimo fungu linapoyeyuka. Zitajwe, ziandikwe, ziwekewe kikomo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana madeni. Tafuteni wakili asiyelipwa na kampuni, na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote kabla ya saini.

Imebaki taa za msikiti. Wanazuoni wetu wa Kishafi wameruhusu kupokea mali ya asiyekuwa Mwislamu kwa ajili ya msikiti, na umeme wa jua ni neema. Tatizo ni wakati wake. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akisema hiki chenu na hiki nimezawadiwa. Akapanda mimbari akauliza: mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama ataletewa zawadi? Imamu na wazee wa msikiti ndio ambao kijiji kitawasikiliza katika mkataba huu. Basi zawadi isipokelewe mpaka uamuzi utakapotolewa, na itolewe hata mkikataa kutia saini. Wakiikubali hiyo, fungeni taa, bila bango la kampuni ukutani. Wakiikataa, mmeshajua ilikuwa zawadi ya nini.

Wallahu a'lam.