Shangazi, nyumbani kwangu lugha yetu imepigwa marufuku

"Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, binti wa miaka mitano na nusu na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Huu ni mwezi wa saba tangu tuhamie ughaibuni kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Binti yangu hajatamka neno shuleni tangu siku ya kwanza. Anacheza, anachora, anafuata maelekezo, ila kuongea haongei. Mwalimu alitushauri tutumie lugha ya shule hata nyumbani ili azoee haraka, na mume wangu akaifanya sheria: ukivuka mlango wetu, hakuna Kiswahili. Ni wiki ya sita sasa. Mimi lugha hiyo naijua ya kuokoteza, kwa hiyo mezani nakaa kama mgeni. Mdogo ananicheka nikikosea kutamka. Na binti, ambaye nyumbani alikuwa kasuku, ameanza kunyamaza hata hapa. Bibi yao akipiga simu wanakimbia. Nimejiandikisha mara mbili darasa la lugha la jioni na sijaenda hata siku moja, maana watoto nimwachie nani? Usiku nikipita chumbani kwa binti namsikia akinong'ona na mwanasesere wake chini ya blanketi, kwa lugha zote mbili. Juzi nilikaa sakafuni nje ya mlango wake nikalia. Nimekosea wapi?

Mama Kimya"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye mwanasesere. Acha nianzie hapo.

Mtoto anayemsemesha mwanasesere kwa lugha ya shule ameshaanza kuijua lugha ya shule. Anachokifanya chini ya lile blanketi ni mazoezi, tena mahali ambapo hakuna wa kumsahihisha wala wa kumcheka. Watoto wengi wadogo wakiingizwa ghafla kwenye lugha ngeni hupitia kipindi cha ukimya. Wanasikiliza, wanaweka akiba, wanajaribu peke yao. Kwa wengine kipindi hicho ni wiki chache, kwa wengine ni miezi, na wale wenye haya wanaweza kukaribia mwaka. Binti yako anacheza na anafuata maelekezo, maana yake anaelewa mengi kuliko anayoyaonyesha.

Kwa hiyo ukimya wa shuleni haukunishtua sana. Kilichonishtua ni ukimya wa nyumbani, na wewe mwenyewe umeniambia ulipoanzia: ni baada ya ile sheria. Alikuwa na mahali pamoja duniani ambapo maneno yalimtoka bila kufikiri, mkapafunga. Sikulaumu, na mumeo simlaumu, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi.

Nilipokuwa na umri kama wako niliishi nje na wanangu. Kifungua mimba wangu alipofika miaka minne, mtu mmoja mwenye cheo na koti safi aliniambia kwamba lugha mbili zinamchanganya mtoto, nichague moja. Nilikuwa mgeni, nilikuwa na hofu, nikaona aliyesoma kasema. Nikachagua ya kwao. Kijana wangu alifanya vizuri shuleni, sikatai. Lakini leo ni mtu mzima, na akienda kumwona bibi yake wanakaa wameshikana mikono wanatazamana. Mama yangu humpapasa vidole kimoja kimoja kama anavihesabu, kisha ananigeukia: "Mwambie nimemkumbuka." Namwambia. Naye ananijibu, namtafsiria. Wanapendana, na mimi ndiye daraja lao, na siku nitakapoondoka sijui watapitia wapi. Ndiyo maana nikiona mama anaambiwa aache lugha yake kwa mtoto, sikai kimya.

Ile habari ya kuchanganyikiwa imepitwa na wakati. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mfaransa Jules Ronjat, msomi wa lugha aliyeoa mke Mjerumani, alimlea mwanawe Louis kwa lugha mbili tangu alipozaliwa mwaka 1908, kila mzazi na lugha yake. Mwaka 1913 akachapisha yote aliyoyaandika siku kwa siku, na mtoto alizimudu zote mbili. Mwanao akichanganya maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja, anatumia neno lililo karibu, kama wewe na mimi tunavyofanya. Halijaharibika kitu.

Hofu ya mumeo naielewa: ya kwamba Kiswahili kitakula nafasi ya lugha ya shule. Mwambie hivi. Lugha ya shule inamfuata mtoto kila mahali. Iko darasani, uwanjani, kwenye televisheni, kwenye basi. Haihitaji msaada wenu ili ishinde. Mtaalamu Jim Cummins wa Kanada, aliyefuatilia watoto wa wahamiaji, alieleza kwamba lugha ya mazungumzo ya kawaida mtoto huipata kwa takriban miaka 2, bali lugha ya masomo, ile ya kueleza kwa nini na kulinganisha hoja, huchukua miaka 5 hadi 7. Akaeleza pia kwamba fikra zilizojengwa kwa lugha ya nyumbani huhamia kwenye ile mpya. Mtoto anayejua kusimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili anahitaji tu maneno mapya. Namna ya kusimulia anayo tayari. Sasa, hayo ya kusimulia atayapata kwa nani, ikiwa mama yake mezani ana maneno mia moja ya kuokoteza?

Na ile lugha ya nyumbani, msipoilinda, inaondoka. Mtafiti wa lugha Annie De Houwer alichunguza karibu familia 1,900 katika eneo la Flanders nchini Ubelgiji, zote zikiwa na lugha nyingine nyumbani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Katika familia kama 1 kati ya 4, watoto hawakuizungumza ile lugha nyingine hata kidogo. Lakini pale ambapo wazazi wote wawili walishikilia lugha yao nyumbani, karibu watoto wote walikuwa wakiizungumza. Nyinyi wawili mna lugha moja. Wenzenu wengi wangeitamani nafasi hiyo.

Zungumza na mumeo watoto wakiwa wamelala, na usianze na lawama. Huyo ni baba aliyemwona binti yake anakaa peke yake na mdomo umefungwa, akashika kamba ya kwanza aliyorushiwa. Mwambie, "Najua unamwogopea, na mimi namwogopea." Kisha mweleze ulichokisikia chini ya blanketi. Ikiwezekana mwite asimame nawe pale mlangoni usiku mmoja, asikie kwa masikio yake. Mwombe miezi mitatu ya kurudisha Kiswahili ndani ya nyumba. Kazi za shule zifanyike kwa lugha ya shule, na baba anayeijua vizuri ndiye asaidie hizo. Yaliyobaki, chakula, kuoga, kugombana na kubembelezana, yarudi kwenu.

Kwa watoto msitangaze sheria nyingine. Wewe anza tu kuongea. Binti akikujibu kwa lugha ile, mwelewe, kisha endelea na yako. Usimwambie "sema vizuri", usimfanye arudie. Atarudi mwenyewe, maana sauti yako ndiyo anayoijua kuliko zote.

Mwalimu naye alishauri kwa nia njema, kwa hiyo nenda kwake kwa heshima. Mwambie mtarudi kwenye lugha yenu nyumbani, mweleze sababu, kisha umwombe mambo ambayo yako ndani ya uwezo wake. Binti akae na mtoto mmoja mpole, yule yule kila siku, kuliko kusukumwa kwenye kundi. Awe na kadi za picha za kuomba maji, choo au msaada, asije akaumia kwa kukosa neno. Asilazimishwe kujibu mbele ya darasa. Na siku atakapotamka neno, mwalimu aendelee kana kwamba ni jambo la kila siku; darasa zima likimpigia makofi, mtoto wa aina hii hujifungia tena. Nyumbani pia, mwache kumuuliza kila jioni, "Leo umeongea?" Muulize amecheza na nani.

Lakini sitakuambia ukae usubiri tu. Ipo hali ambayo mtoto huongea vizuri nyumbani, ila woga humbana kabisa mahali pengine, hata lugha ya hapo akiwa anaijua. Inatibika, na ikijulikana mapema inatibika vizuri zaidi. Kwa kuwa ni mwezi wa saba, omba sasa apimwe masikio, maana kipimo hicho hakina hasara. Na kama Kiswahili kimerudi nyumbani, miezi miwili imepita, na bado hamnong'onezi hata yule rafiki mmoja, omba aonwe na mtaalamu wa matamshi na mawasiliano ya watoto. Usisubiri miezi hiyo ikiwa ukimya wa nyumbani unazidi, maneno aliyokuwa nayo yanapotea, halali, au anajikojolea kwa kuogopa kuomba choo. Ukienda, chukua simu yenye sauti yake akicheza nyumbani kwa Kiswahili. Mtaalamu akimsikia kwa lugha moja tu amesikia nusu ya mtoto. Omba pia mkalimani wa kazi hiyo, kwenye miadi hii na kwenye nyingine zote za hospitali. Watoto wako wakikua kidogo watakuwa hodari kuliko wewe na utashawishika kuwatumia. Usiwabebeshe habari za ugonjwa wako.

Huyo mdogo anayekucheka ana miaka mitatu. Amegundua kitu anachokijua kuliko mama na kimemfurahisha. Mwambie, "Nifundishe," na urudie anavyotamka mpaka mcheke wote. Cheko lake litabadilika.

Bibi yao, mpe nafasi ya kufanya kitu, siyo kuhoji. Mtoto mdogo akishikishwa simu na kuambiwa "msalimie bibi" hana la kusema, ndiyo maana anakimbia. Bibi na awasimulie kisa kile kile kila wiki, dakika tano, akiishia pazuri kila mara. Au simu ikae mezani watoto wakichora, bibi akiuliza, "Hicho ni nini?" Usiwasimamie. Ondoka chumbani, hata kama mwanzoni ni kimya kwa kimya.

Sasa wewe, Mama Kimya. Jina ulilojipa limenichoma.

Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumza na wanawake wa klabu moja mjini Rio de Janeiro, wake waliofika ugenini kama wewe. Aliwaeleza kwamba mwanzo huwa kama fungate, kisha huja kipindi cha uchungu ambapo kila kitu cha ugenini kinakukera na cha kwenu kinakuliza, na kwamba lugha ndiyo inayomtoa mtu humo polepole. Mwezi wa saba uko katikati ya kipindi hicho. Mumeo ana kazi yenye watu, watoto wana shule. Wewe uliacha kila mtu anayekujua kwa jina lako, ukafika mahali ambapo wewe ni mama wa fulani, halafu hata nyumbani ukanyang'anywa maneno. Huko kulia sakafuni sioni kosa lolote ulilofanya. Ila kama kilio hicho kinakuja siku nyingi kuliko kisivyokuja, na asubuhi kuinuka kunakushinda, mwambie daktari, na umwambie kwa mkalimani ili useme yote.

Na lile darasa uende. Umejiandikisha mara mbili. Moyo wako unalitaka. Hulihitaji ili uongee na wanao, hao una lugha yao. Unalihitaji ili ukae na mama mwingine pale getini shuleni, ujue mwalimu anasema nini bila kumtazama mumeo usoni, na uweze kukataa ushauri usioifaa nyumba yako.

Umeuliza watoto utamwachia nani. Wana baba. Jioni hizo za darasa yeye ndiye abaki nao, awaogeshe, awalaze, na awasimulie hadithi alizolala nazo yeye alipokuwa mdogo, kwa lugha aliyosimuliwa.