ULIZA BIBI KITALU: Fundi bustani ametaka laki mbili na nusu, je, ametuibia?

*Shikamoo Bibi Kitalu. Mwezi wa pili tumehamia Kiseke, hapa Mwanza, kwenye nyumba aliyotuachia baba mkwe. Ilikaa bila mtu miaka miwili. Kiwanja ni mita 20 kwa 30. Mbele ni ukoka na ndago hadi magotini. Upande wa barabara kuna uzio wa minyaa, kama mita 25, umenipita kimo. Nyuma kuna majabali mawili, na katikati yake lantana imefunga kabisa, watoto hawapiti. Kuna na mwembe mmoja mkubwa. Nataka uwanja wa nyuma uwe mweupe, ufagiliwe. Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza alisimama getini, akasema 60,000 anasafisha kila kitu. Wa pili anataka 15,000 kwa kutwa, hakusema ni kutwa ngapi. Wa tatu alizunguka karibu nusu saa, anainama, anachokonoa udongo, kisha akasema 250,000. Mume wangu anasema huyo ametuona wageni. Bei halali ni ipi?*
*Mama Wawili, Kiseke*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kuhamia. Mwambie baba watoto kwamba mimi ningemchukua huyo wa tatu.

Sisemi hivyo kwa sababu ametaja bei kubwa. Nasema hivyo kwa sababu aliinama. Miaka 22 nimeuza miche pembeni ya barabara kule Nyegezi, na wateja wangu wengi walirudi kunilalamikia bei za mafundi bustani. Nikiwauliza walipatana kazi gani, jibu lilikuwa moja: "Kusafisha." Sasa kusafisha ni nini? Kufyeka ni kusafisha, kung'oa ni kusafisha, kupogoa ni kusafisha, na kubeba taka ni kusafisha. Hizo ni kazi nne, na kila moja ina bei yake.

Tuihesabu kazi yako moja moja. Bei ninazotaja ni za huku mtaani kwetu msimu huu, kutwa 15,000 bila chakula. Ukimpikia ugali na dagaa mchana, mwelewane mapema kama mnapunguza.

Ukoka wa mbele, watu wawili wenye mafyekeo makali wanaumaliza kwa siku moja: 30,000. Lantana iliyo katikati ya majabali haiondoki kwa fyekeo. Ukiikata inachipua kutoka kwenye shina, tena kwa fujo kuliko mwanzo. Inataka sururu na panga, na katikati ya mawe huwezi kurusha jembe, unachimba kwa kupenyeza. Hapo wape watu wawili siku tatu: 90,000. Uzio wa minyaa, mtu mmoja siku moja, na mimi huilipa kazi hiyo 20,000 kwa sababu nitakayokueleza. Miwani ya kukinga macho na glavu ndefu, 15,000. Mwembe unahitaji mtu wa kupanda na msumeno: 30,000. Taka zote hizo kupelekwa dampo Buhongwa, safari mbili za kirikuu kwa 25,000: 50,000.

Jumlisha, utapata 235,000. Kwa hiyo yule bwana amejiongezea 15,000 ya kuja kutazama, kuleta vifaa vyake na kusimamia wenzake. Hajakuibia hata kidogo.

Yule wa 60,000 naye nakuambia atakachofanya, kwa maana nimewaona wengi. Atafyeka kila kitu usawa wa ardhi, atakusanya taka nyuma kwenye majabali, na atawasha moto palepale. Mwanangu, usikubali moto kwenye jabali lililo karibu na nyumba. Wapasua kokoto wa hapa Mwanza huwasha moto juu ya jiwe makusudi, ili lipasuke kabla hawajalipiga nyundo. Jiwe linaloonekana zima linaweza kuachia kipande. Na ndani ya nyufa hizo wanaishi mijusi kafiri, wale madume wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, wanaokula wadudu wako bure. Waache.

Baada ya wiki tatu za mvua ukoka utakuwa umerudi, lantana nayo itakuwa imerudi, na utamwita tena kwa 60,000 nyingine. Mara ya tatu tayari umetoa 180,000 na mzizi hata mmoja haujatoka.

Nirudi kwenye ndago, maana ndiyo itakayokutesa. Kuna mzee mmoja alikuwa ananifanyia kazi kwenye kitalu. Siku moja nilimkuta amepiga magoti, vidole viwili vimezama kwenye udongo mbichi, anafuata kiuzi chembamba cheusi. Akavuta polepole sana. Kikatoka kibonge kimoja kama punje ya njugu, kikafuatiwa na kingine, na kingine, vyote vimetungwa kama shanga. Akanionyesha kiganja, nikahesabu vibonge saba kutoka mche mmoja niliokuwa nimeuona wa kawaida tu. Akaniambia: ukipiga jembe hapa, umekata uzi na umepanda saba. Tangu siku ile nikiajiri fundi mgeni, nampa kipande kidogo chenye ndago kwanza nitazame mikono yake. Anayekimbilia jembe namshukuru na kumlipa kwa muda wake, kisha basi.

Kwa hiyo ukoka ufyekwe, na ndago ing'olewe kwa mkono kidogo kidogo. Hiyo haiishi kwa siku moja, nisikudanganye. Tafuta mtu wa nusu kutwa mara mbili kwa mwezi, 8,000 kila akija. Ni 16,000 kwa mwezi, na kila akija kazi inapungua.

Sasa minyaa. Mwaka 2009 nilimpa kijana kazi ya kupunguza uzio wangu, nikamkabidhi panga tu. Mnyaa ukikatwa unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Tawi lilimrukia, utomvu ukamwingia jicho la kushoto. Nilimsikia akipiga kelele nikiwa jikoni. Tulimmwagia maji safi, ndoo baada ya ndoo, bila kuacha, kisha tukakimbilia hospitali. Siku mbili hakuona vizuri. Jicho lilipona, namshukuru Mungu, lakini mama yake alipokuja kukaa naye nilishindwa kumtazama usoni. Kosa lilikuwa langu. Ile 15,000 ya miwani na glavu niliyoiweka kwenye hesabu yako, tafadhali usiipunguze hata kama pesa ni ngumu. Na maji ya ndoo yawe tayari pembeni kabla panga halijaguswa. Watoto wakae ndani mpaka matawi yote yameondolewa.

Pa kupunguza papo. Barua yako nimeipata mwezi Juni, na miembe ya huku wakati huu inajiandaa kutoa maua. Ukiukata sasa umekata maembe yako. Subiri mpaka mmeshavuna, ndipo umwite mpandaji. Hapo 30,000 imebaki mfukoni. Taka nazo, usilipe kirikuu chochote. Chimba shimo la mboji kwenye kona, weka majani ya mwembe na ukoka uliofyekwa, na Oktoba vuli ikianza utakuwa na mbolea ya kupandia. Lantana yenye mbegu na vibonge vya ndago visiingie humo, vianike juani juu ya jiwe mpaka vikauke kabisa. Minyaa ikauke peke yake, mbali na watoto, maana kipande kibichi kikiangukia udongo kinaota. Hapo umeokoa 50,000 nyingine. Kutoka 250,000 umebaki na 170,000, na fundi yule yule mzuri.

Fanya kazi hii sasa, udongo wa masika haujawa mgumu kama tofali. Ukichelewa hadi Novemba utahangaika. Wengi wa vijana hawa wanatoka Misungwi, Magu na Kwimba, na mvua za kupandia pamba zikianza wanarudi kwao. Waliobaki mjini wanajua wamebaki wachache.

Neno moja bado. Umeandika kwamba unataka uwanja wa nyuma "uwe mweupe, ufagiliwe". Najua tumelelewa hivyo, uwanja usio na jani ndio uwanja wa mtu msafi. Lakini pale penye mteremko usiparue. Waliokaa Isamilo na Mabatini wanaona kila mwaka: mlima ukiparuliwa, mvua ya kwanza inateremsha udongo hadi Mto Mirongo, na Mirongo inaupeleka ziwani. Lantana ikitoka, siku hiyo hiyo panga mawe madogo kwa mistari ya kukinga maji na upachike vipande vya ukoka vyenye mizizi, utakavyochimbua mbele. Ukoka ule uliokuudhi mlangoni, kule nyuma ndio utakaoshika ardhi yako.

Kianzio mpe theluthi, si nusu. Theluthi ya pili lantana ikiisha, ya mwisho mkishazunguka wote wawili na kuona. Na umlipe siku hiyo hiyo. Neno "njoo kesho" kwa mtu wa kutwa maana yake ni watoto wake kulala bila chakula.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi bustani. Nafanya bustani za watu Capri Point, natoka Igoma. Bosi mmoja ananilipa kutwa 12,000, lakini nikimaliza majani ananiongezea kuosha gari, kudeki baraza, kwenda sokoni. Naondoka saa 1 usiku. Nikisema, ananiambia siku haijaisha.*
*Kijana wa Igoma*

Marahaba mjukuu wangu. Siku inaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, na ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya kupumzika saa nzima. Ukianza saa 1 asubuhi na ukapumzika saa moja mchana, saa 11 jioni umemaliza. Zaidi ya hapo ni ziada, na ziada inalipwa.

Lakini najua kumsomea bosi sheria getini si rahisi ukiwa unaihitaji 12,000 ya kesho. Badilisha mapatano. Asubuhi, kabla hujashika fyekeo, zunguka naye, mwonyeshe: hapa, hapa na hapa, 15,000, nikimaliza naondoka. Ukimaliza saa 8 mchana una nafasi ya kufanya nusu kazi kwa jirani. Gari akitaka lioshwe, lina bei yake, itaje kwa adabu na usicheke ukiitaja. Na beba tupa yako mwenyewe ya kunolea. Fyekeo butu linakula saa zako, na mwenye nyumba haoni hilo.

*Habari za kazi, dada. Kiwanja changu Luchelele kinagusa maji. Matete na magugu maji yamenifungia, na juu mjohoro mmoja umeziba baraza, siuoni ziwa. Vijana wanne wanataka 100,000 kusafisha ukingo wote. Ni bei nzuri?*
*Mstaafu, Luchelele*

Salama, kaka yangu, pole na kazi. Bei ni ndogo mno kwa watu wanne kusafisha ukingo wote, na kazi yenyewe nakuomba uiache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Matete yale yanashika kingo zako mawimbi yanapopiga, na ndani yake samaki wadogo wanajificha. Ukiyang'oa, kiwanja chako kitaanza kuliwa kuanzia chini.

Tena wafikirie vijana. Konokono wa kichocho wanaishi kwenye majani hayo ya majini, na atakayesimama humo siku nzima bila gambuti anaweza kuondoka na ugonjwa. Magugu maji yaliyosukumwa na upepo hadi nchi kavu, hayo yakusanywe kwa reki kutoka juu, miguu ikiwa mikavu.

Ziwa unalotaka kuliona halijazibwa na matete, limezibwa na mjohoro. Usiukate, unakupa kivuli. Ita mpanda miti mmoja mwenye kamba, wewe kaa barazani kwenye kiti chako, umwelekeze atoe matawi ya chini tu, moja moja, mpaka uone maji. Ni kazi ya asubuhi moja, 30,000, na kuni zinabaki zako.