Ba ameniachia picha ya Krishna na diva ya shaba: nianzie wapi?

SWALI: Jay Shri Krishna, Maharaj. Mimi ni binti wa miaka 26. Nimepanga chumba kimoja Kirumba, Mwanza, na kazi yangu ni kuandika hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni. Bibi yangu, Ba, alifanya puja, ibada yetu ya nyumbani, kila asubuhi mpaka alipofariki mwaka jana, na mimi sikuwahi kumuuliza utaratibu. Ameniachia picha ya mungu wetu Krishna na diva, taa ya utambi, ya shaba. Nataka kuanza, lakini sijui Kisanskriti, sina mandir, yaani mahali pa ibada, na kutwa nanuka dagaa. Nianzie wapi? Na maua yakinyauka, niyatupe ziwani kama alivyofanya yeye?

JIBU: Jay Shri Krishna, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na Ba.

Anza na diva hiyo hiyo. Isugue kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, weka samli kidogo, sokota utambi wa pamba. Nyuzi za pamba uko nazo jirani, hapa Usukumani pamba ndiyo iliyowavuta wengi wa wazee wetu kuja kufungua vinu. Picha itundike au iegemeze kwenye rafu ndogo iliyo safi, mahali ambapo hapawekwi viatu. Ukiweza, kaa ukielekea mashariki. Kwa huko Kirumba maana yake ziwa liwe mgongoni kwako. Chumba kimoja hakikuzuii. Weka kipazia cha kufunga usiku, ila ukiwasha taa kisogeze mbali na moto. Usinunue sanamu sasa. Sanamu iliyotiwa uhai kwa ibada ya prana pratishtha inadai huduma kila siku, kama mgeni anayeishi kwako, na hata ya kawaida mila yetu hutaka ya nyumbani isizidi shubiri moja. Picha ya Ba inatosha, na imekwisha kuzoea sala za ukoo wenu.

Kuhusu kunuka dagaa: puja yako ni ya asubuhi, kabla ya kazi. Oga, vaa nguo iliyofuliwa, basi. Jua la Mwanza huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo ukiamka saa 11 alfajiri umeingia kwenye brahma muhurta, wakati ambao akili imetulia. Huwezi? Saa 12 pia ni asubuhi. Kazi yako na samaki haikutoi katika dini. Wahindu wengi wa Bengal wanakula samaki na ni waumini. Katika chakula cha kumtolea Krishna nyumbani, lakini, samaki, nyama, vitunguu na vitunguu saumu visiwemo.

Sasa utaratibu. Puja kubwa ina huduma 16, wewe shika tano tu: chandan (msandali uliosagwa), ua, udi, taa na chakula. Kaa chini, pumua taratibu, sema moyoni unafanya nini na kwa nini. Mtaje mungu Ganesh kwanza, kwa maana ndiye anayefungua njia: Om Gan Ganapataye Namah. Kisha mwite Krishna kama unavyomkaribisha mgeni mlangoni, Om Namo Bhagavate Vasudevaya, mara 11. Mpake picha tone la chandan, weka ua, washa udi, zungusha diva mbele yake polepole kwa mwendo wa saa. Kengele ipige kwa upole, majirani zako wamelala na wengine wana ibada zao. Weka kipande cha ndizi au sukari guru na kikombe cha maji. Hicho chakula usikionje kabla. Yeye kwanza, kisha wewe, na kuanzia hapo kinaitwa prasad. Mgawie mtoto wa mwenye nyumba. Taa usiizime kwa kupuliza kwa mdomo, na usitoke ukaiacha ikiwaka.

Huna ua siku hiyo? Katika kitabu chetu kitakatifu, Gita, sura ya 9 aya ya 26, Krishna anasema anayemtolea kwa upendo jani, ua, tunda au maji, Yeye anapokea. Maji unayo bombani. Nimeona watu wakianza kwa sinia la fedha na vifaa vya kila aina, wiki ya tatu sinia lina vumbi. Nakusihi uanze na dakika 10 ambazo utaziweza hata siku ya mwisho wa mwezi hesabu zikikukaba.

Kisanskriti utajifunza kidogo kidogo. Zungumza naye kwa Kiswahili, Kigujarati, hata Kisukuma. Mwisho wa puja tuna sala ya kuomba radhi, maana yake: mantra nimekosea, utaratibu umepungua, hata upendo wangu ni mdogo, Wewe uikamilishe. Hata mapandit, makuhani wetu waliofanya puja miaka 40, wanaisema.

Kuhusu ziwa, hapa nitasema tofauti na Ba, kwa heshima zote. Wazee walizoea kutia maua katika maji yanayotembea, wakiyarudisha kwa Mama Maumbile. Lakini maji tunayokunywa Mwanza yanatoka ziwani humo, na chochote kinachooza ndani yake ni mbolea ya magugumaji. Nenda ufukweni ukatazame mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mawe. Mingine ina maua yetu, na moyo unaniuma kila ninapoiona. Maua yako yaweke kwenye shina la mti au kwenye chungu ulichopanda tulasi. Tulasi si kivumbasi, ingawa ni ndugu; omba chipukizi hekaluni, na majani yake ndiyo Krishna anayoyapenda kuliko ua lolote. Usimpe Ganesh hayo, yeye mpe ua jekundu la haibiskasi, limejaa kwenye nyua za mji huu.

Siku ukisafiri, tuseme uko kwenye meli ya Ukerewe alfajiri, usihesabu kwamba umekosa. Fumba macho, mpe maji, ua, udi na taa kwa mawazo, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Inaitwa manasa puja, na ni puja.