Piga hodi kabla hujarusha

Harusi ilikuwa Mbezi Beach, kwenye bustani iliyozungukwa na minazi, na mimi nilikuwa na miezi minne tu tangu ninunue droni yangu ya kwanza. Bwana harusi alitaka ipite chini, juu ya vichwa vya wageni, kisha ipande maharusi wanapoingia. Nikaipitisha. Upepo wa baharini ukapenya kati ya minazi, mashine ikayumba, panga moja likagusa kuti, ikaangukia meza ya chakula. Mama mmoja wa upishi alinyoosha mkono kujikinga. Alishonwa nyuzi saba. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikalipia matibabu, nikaenda kumjulia hali mara tatu. Mara ya tatu ndipo aliponiuliza: "Mwanangu, kwani mlituambia kwamba kile kitu kitapita juu yetu?"

Hatukuwaambia. Tuliomba ruhusa kwa bwana harusi, kwa kamati na kwa mwenye bustani. Waliokuwa chini ya ile ndege hasa, waliobeba masinia na waliokimbizana na watoto, hakuna aliyewapigia hodi.

Miaka imepita. Siku hizi napima mashamba, nachora ramani, nakagua mapaa ya maghala, na harusi bado nafanya. Vijana wanaoniandikia wengi wao huanza hivi: "Kaka, mimi narusha kwa kujifurahisha tu, kibali cha nini?" Wenzangu wa kazini nao wana lao. Wanasema hao wa kujifurahisha ndio wanaotuharibia, ndio wanaofanya askari amzuie hata mwenye karatasi zake mkononi. Nimekaa pande zote mbili, na ajali yangu mbaya kuliko zote niliipata siku niliyolipwa. Ndiyo maana sikubali kwamba hela ndiyo inayotenganisha mrushaji mwema na mbaya. Mimi nauliza nani yuko chini, na kama amepigiwa hodi.

Sheria unatakiwa uijue hata kama hujaipenda. Tanzania tuna kanuni za 2018 za ndege zinazoongozwa kutoka mbali, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kabla ya kurusha unahitaji pia ridhaa ya Wizara ya Ulinzi. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo usidhani ukivuka kwenda Unguja umeiacha TCAA bandarini. Kenya, kanuni za 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, zikaja mpya mwaka 2020: mmiliki awe na miaka 18 au zaidi, droni isajiliwe, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali kinachopatikana kabla ya safari. Hili la mwisho mwambie shangazi yako aliyeko Uingereza anayetaka kukutumia zawadi. Droni nyingi za zawadi zimeishia mikononi mwa forodha kwa sababu mpokeaji alianza kutafuta karatasi mzigo ukiwa umeshatua.

Watu wa kujifurahisha wanalalamika kwamba mlolongo wa vibali ni mzito kwa mtu anayetaka kupiga picha ya machweo. Katika hilo nawaunga mkono. Anayerusha kitu cha gramu 249 juu ya shamba la baba yake hastahili mlolongo uleule wa kampuni inayorusha mtambo wa kilo 25 juu ya mji. Ulaya wamegawa kwa uzito na hatari tangu mwanzoni mwa 2021, na naamini nasi tunaweza kufika huko. Lakini usiichukue habari hiyo nusunusu. Vijana wengi wamesikia kwamba chini ya gramu 250 hakuna sheria, na si kweli hata hukohuko Ulaya: droni ndogo ikiwa na kamera, mmiliki wake lazima ajisajili. Tena droni ya DJI Mini ya gramu 249 ukiifunga ile betri kubwa inayodumu zaidi, haiko tena chini ya 250. Marekani nako, ukimpigia rafiki picha za hoteli yake bila kulipwa hata senti, hesabu yao ni kwamba hukuwa ukijifurahisha, na unawajibika kwa kanuni za kazi. Kwa hiyo ile kauli ya "alinipa ya mafuta tu" haikusaidii popote.

Kuhusu kimo nitakaa kidogo, maana hapo ndipo wengi wanavunja sheria bila kujua. Futi 400, yaani kama mita 120, ndicho kikomo utakachokikuta Kenya, Ulaya, Marekani na kwingineko. Hakikuokotwa hewani. Ndege zenye watu, zikiwa hazipai wala hazitui, kwa kawaida hukaa futi 500 na kwenda juu. Futi 100 zinazobaki ndizo ukuta kati yako na abiria. Karibu na uwanja wa ndege ukuta huo haupo kabisa, na ndiyo sababu ya kukataza droni kwa kilomita nyingi kuzunguka uwanja. Simama Vingunguti au Kiwalani, karibu na uwanja wa ndege wa Dar, utazame ndege zinavyopita juu ya mabati, utaelewa bila kusomewa kifungu.

Sasa, ile namba ya kimo unayoiona kwenye simu inahesabiwa kutoka pale ulipoirushia droni. Haijui ardhi iliyo chini yake. Nenda Irente, Lushoto, pale kwenye ukingo wa mwamba. Ukirusha ukaipeleka mbele mita 200 tu, skrini itaendelea kusoma zile mita 40 ulizoipandisha, huku tambarare ya Mazinde ikiwa mamia ya mita chini. Umeshavuka kikomo mara kadhaa na simu haijakuambia kitu. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukirusha ukiwa bondeni, ukaizungusha hadi nyuma ya kilima, kisha ukabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, itapanda hadi kimo ulichokipanga asubuhi tu, na kama kimo hicho ni mita 30 na kilima kilicho kati yenu kinazidi hapo, inaweza kwenda kukigonga. Minazi ya pwani inafika mita 25, mingine 30. Minara mingi ya simu inaipita hiyo. Kabla ya kila kazi tafuta kitu kirefu kuliko vyote hapo ulipo, ongeza mita 20, ndipo upange kimo cha kurudi.

Kitufe hichohicho kimewazamishia wengi droni baharini. Unapanda ngalawa au jahazi kule Nungwi kupiga watalii wakati wa machweo. Unarusha ukiwa juu ya chombo. Droni inakariri mahali ilipopaa kwa setilaiti, na mahali hapo ni maji. Chombo kinasonga. Betri ikipungua, droni inarudi kwa utii kabisa pale ilipopaa, inashuka taratibu, inazama. Ukifanya kazi ya chomboni weka wewe mwenyewe kuwa ndiwe nyumbani, kama mashine yako inaruhusu, na irudishe kwa mkono ikiwa bado na theluthi ya chaji. Na usirekebishe dira yake juu ya zege: nondo zilizomo ndani zinaipotosha, nayo itaruka upande ambao hukuiagiza.

Nirudi kwenye hodi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina ua wa ndani, na baadhi zina sehemu ya wazi juu ya paa ambako wanawake hukaa jioni kupunga upepo bila buibui, kwa sababu miaka yote hakuna jicho lililoweza kufika pale. Droni inafika. Unaweza kuwa unapiga bahari tu, lakini aliyekaa juu ya paa lake hajui kamera inatazama wapi. Kwake wewe ni mwanamume uliyeingia uani bila hodi. Nimeona kina mama wakikimbilia ndani wakivuta mitandio, na aliyekuwa akirusha hata hakuinua macho kwenye skrini. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na sura ya mtu ikitambulika kwenye picha yako hizo zinaweza kukuhusu. Lakini stara ilikuwepo kabla ya sheria hizo. Mimi nikiwa Zanzibar naanza kwa sheha, bara naanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Namwonyesha mashine, namwambia nitarusha saa ngapi na kuelekea wapi, nampa namba yangu ya simu, halafu namwomba mtu mmoja wa pale asimame nami. Huyo anafanya kazi mbili: anatazama anga wakati mimi natazama skrini, na anajibu maswali ya majirani kwa lugha ya nyumbani kwao.

Wasiopenda hatua hizi huniambia zinachelewesha. Tazameni kazi kubwa za droni zilizofanyika kwetu. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani, kwa droni nyepesi zenye mabawa, na vijana wa chuo wenyewe walikuwemo kazini. Mwaka huohuo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga. Mwaka 2018 yakafanyika majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara na kivuko ni safari ya saa 6. Kazi hizo hazikufanywa kwa kujificha nyuma ya mti. Walianza na wenye anga na wenye ardhi, wakakubaliana njia, ndipo wakarusha.

Na kwa nini maofisa wetu ni wakali? Kumbukeni uwanja wa Gatwick, London, Desemba 2018. Taarifa za droni kuonekana karibu na njia ya kurukia zilitosha kuufunga. Safari zipatazo 1,000 zikavurugika, abiria wapatao 140,000 wakakwama karibu na Krismasi, na hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Askari anayekiona kidude chako angani hawezi kujua kama unacheza, unafanya kazi au una nia nyingine. Ukimkuta na hasira, mpe karatasi zako na uitue. Usibishane na mtu huku mashine iko hewani.

Wanyama nao wako chini. Kule Tarangire na Manyara wahifadhi wametumia droni kuwafukuza tembo mashambani, na inafanya kazi. Tembo anaogopa nyuki, na mlio wa yale mapanga unafanana na kundi la nyuki. Jina letu la ndege nyuki lina ukweli ndani yake. Kwa mkulima ambaye mahindi yake yanaliwa usiku, ni nafuu kubwa. Lakini mlio huohuo ukiupeleka hifadhini ili upate video ya sekunde 15, umemfukuza mama na ndama wake kutoka kwenye maji. Ndiyo maana TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, hairuhusu droni bila kibali maalumu, na hapo sina huruma na mtalii wala na mwenyeji. Ndege wenyewe wana wivu na anga yao. Mwewe akikujia, usikimbie kwa usawa, panda juu moja kwa moja: kupanda wima ndiko kunakomshinda. Kisha ondoka, huenda kiota chake kiko karibu.

Mteja atakusukuma. Atakwambia fulani huwa anapitisha juu ya watu bila shida. Kenya wameandika mita 50 kutoka kwa mtu asiyehusika, na mimi natumia umbali huo hata mahali ambapo hakuna wa kunipimia. Droni ya gramu 900 ikizimika mita 30 juu ni kama jiwe la karibu kilo moja kutoka ghorofa ya kumi, lenye visu vinne vilivyokuwa vikizunguka sekunde moja iliyopita. Ili nipate picha ya wageni nairusha pembeni, juu ya eneo nililozungushia kamba, na kamera naiinamisha kuelekea kwao. Nimepoteza kazi mbili kwa kukataa. Sijutii hata moja.

Betri kwa kifupi. Zile za lithiamu usizihifadhi zikiwa zimejaa. Seli ya kawaida iliyojaa ina volti 4.2, ya kuweka kabatini ishushe hadi karibu 3.8. Iliyovimba usiitumie tena, hata kama ndiyo pekee iliyobaki. Usiziache kwenye gari lililoegeshwa juani Dar. Safarini zikae kwenye mkoba wa mkononi, si mzigo wa chini, na chini ya saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati kilichoandikwa kwenye betri) kwa kila moja, kwa kawaida hutasumbuliwa.

Mkiuliza ununue ipi, jibu langu ni ndogo, hata kama imetumika, mradi betri zake ni nzima. Saa kumi za kwanza usirekodi kitu. Nenda kiwanja cha shule siku ya Jumapili, baada ya kuongea na mwalimu mkuu, uende na mtu wa kutazama anga. Chora duara, chora nane, kisha geuza pua ya droni ikutazame wewe, maana hapo kushoto kunakuwa kulia na ndipo vidole vinapochanganyikiwa. Tandika kanga chini, ibane kwa mawe kwenye pembe zake. Ukiweza kuitua juu yake mara ishirini mfululizo, pua ikiwa imekuelekea na upepo ukivuma, niandikie tuongee kuhusu harusi.